Kioo cha Nyuma cha Motokari Yetu



Labda mtashangaa kuona mchungaji anaandika juu ya vioo vya motokari. Katika kurasa hizi mmezoea kusoma juu ya ndoa, malezi, na vijana wanaoacha masomo na kushuka mashimoni kuchimba. Leo mnivumilie. Nataka kuwaelezea namna ile karatasi ya plastiki, ile watu wanaita vitrefime, inavyobandikwa katika kioo cha nyuma kilichopindika sana, na namna nilivyoharibu kazi hiyo mara ya kwanza. Kama una motokari, itakusaidia. Kama hauna, soma tu, sababu kuna mtoto ndani ya habari hii.

Sisi tunakaa Lubumbashi, lakini makutaniko ninayotembelea yako upande wa Likasi. Ni kilometa 120 hivi. Angalia karta: Likasi iko kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Asubuhi tukienda, jua linapanda nyuma yetu. Jioni tukirudi, jua linashuka tena nyuma yetu. Kwenda na kurudi, linaingia kwa kioo cha nyuma. Mimi dereva nilikuwa nafurahi, sababu halinipigi machoni. Kumbe lilikuwa linapiga shingo ya binti yetu.

Binti huyu ana miaka 9. Alizaliwa albino. Ngozi yake haina ile rangi ambayo Mungu ameiweka ndani ya ngozi yetu wengine kuwa kivuli chake, na macho yake hayaoni mbali. Jambo hili mtoto analipata kwa wazazi wote wawili. Baba na mama wanaweza kuwa weusi kabisa, kila mmoja analibeba bila kujua, na kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kutoa mtoto wa namna hii. Ninaandika hivi wazi kwa maana alipozaliwa, hata ndani ya kanisa watu walinong'ona juu ya bibi yangu peke yake. Walisema labda alicheka mtu fulani akiwa na mimba. Walisema na mengine nisiyotaka kuandika. Na mimi, mtumishi wa Mungu, nilikaa kimya siku nyingi kuliko inavyofaa.

Basi, mama yake ndiye aliona shingo ya mtoto. Ilikuwa inakauka, na madoa yalikuwa yanazidi. Tulimpeleka kwa daktari wa ngozi. Kofia tulikuwa nayo, nguo za mikono mirefu tulikuwa nazo, mafuta ya kukinga jua tulikuwa tunanunua wakati feza ilipatikana. Daktari akauliza swali moja ambalo hatukulitazamia: "Ndani ya motokari anakaa wapi?"

Akatuelezea. Kioo cha mbele cha motokari ni vioo viwili vilivyoshikanishwa na plastiki katikati, na plastiki ile inazuia karibu mionzi yote mibaya ya jua. Lakini vioo vya pembeni na cha nyuma, kwa motokari nyingi, ni kioo kimoja tu kilichokomazwa kwa moto. Kinazuia ile mionzi inayounguza ngozi upesi, lakini namna nyingine, ile inayoingia ndani zaidi na kuharibu pole pole, sehemu kubwa inapita. Mtu mweusi hatasikia kitu. Kwa mtoto albino, saa mbili za njia mara mbili kila safari, mwaka kwa mwaka, ni jambo la kuogopa, maana watu wa namna hii wanapata kansa ya ngozi upesi, hata wakiwa vijana. Akatuambia tubandike karatasi ya kukinga jua katika vioo.

Sasa nitasema ukweli wangu. Nilipotoka kwa daktari, nilikuwa na mawazo mawili. La kwanza lilikuwa shingo ya mtoto. La pili sikulisema kwa mtu. Tangu miaka ya 2000 tulisikia habari za Tanzania na za Burundi, namna watu wabaya walivyowaua albino kwa ajili ya uchawi. Na huku kwetu, kila tukisimama barabarani kununua makala au ndizi, watu wanakuja kuchungulia ndani, wengine wanatema mate chini kwa kuogopa mkosi. Nikawaza: kama kioo ni cheusi, hakuna atakayemwona. Bon, nikaenda sokoni, nikaomba karatasi nyeusi kuliko zote. Muuzaji akanipa ile inayopitisha mwanga wa 5 kwa mia tu. Ukiwa nje, hauoni kitu ndani, hata mchana.

Vioo vya pembeni nilivibandika mwenyewe, na havikunisumbua sana. Vimelala karibu sawa kama meza. Lakini kioo cha nyuma cha Toyota yetu kimeviringika kama mgongo wa kobe. Kimepindika toka kushoto kwenda kuume, kimepindika tena toka juu kwenda chini. Chukua ukurasa wa gazeti hili, jaribu kuulaza juu ya kibuyu. Utaona. Katikati unashika, lakini pembeni unasimama mikunjo. Karatasi iliyo sawa haiwezi kulala juu ya kitu cha mviringo, hata ukiomba na kufunga. Kuna sehemu iliyozidi, na ile iliyozidi lazima iende mahali fulani.

Mimi nilichukua wembe. Pale uliposimama mkunjo, nilikata, nikalaza upande mmoja juu ya mwingine, kama fundi cherahani anavyopunguza kiuno cha nguo. Nilikata mara saba. Kwa mbali ilionekana vizuri, na nilijisifu mbele ya bibi yangu. Ndani ya juma mbili, mistari saba ilianza kufunguka, pembe zikajikunja, vumbi likaingia ndani ya gundi. Jua likapita katika nyufa na kuchora mistari juu ya kiti, na mmoja wa mistari ile ulianguka juu ya binti yetu.

Na haikuishia pale. Njiani polisi wa barabara alinisimamisha, akagonga kioo, akasema: "Fungua, tuone ni nani iko ndani." Alikuwa na haki. Katika nchi yetu amri juu ya vioo vya giza zimetoka mara nyingi, na watu waliotumia vioo vya namna ile kuficha mabaya, tunawajua. Nikafungua. Akamwona mtoto. Akaniangalia mimi, akasema pole pole: "Pasta, unamuficha?" Sikuwa na jibu.

Nilirudi nyumbani na hasira. Nikachukua wembe tena, nikakwangua karatasi yote ya kioo cha nyuma nikiwa ninakaza mkono. Ndani ya kioo kile kuna nyuzi nyembamba zinazopitisha umeme kwa kukausha ukungu wakati wa mvua. Nikakwangua na nyuzi tatu pamoja na karatasi. Hata leo, mvua ikinyesha, sehemu ile inabaki na ukungu. Kesho yake nikaenda sokoni, nikamkemea muuzaji mbele ya wateja wake, nikasema ameniuzia kitu kibovu. Naye alinyamaza, kwa heshima ya kola yangu.

Kuna kijana mmoja wa kanisa letu, anayeimba sauti ya chini katika korali, ambaye anafanya kazi hii ya kubandika karatasi chini ya mti wa mwembe karibu na barabara kubwa. Nilikuwa najua kazi yake, lakini niliona haya kumwomba. Siku ya Posho moja alikuja nyumbani kwa jambo la korali, akaona motokari.

"Papa Pasta, nani alikata hivi?"

Nikasema ni mimi.

Hakucheka. Akapitisha mkono juu ya kioo. "Hii kintu haiko ya kukata," akasema. "Hii iko ya moto. Moto kidogo kidogo, inajivuta yenyewe, inashika umbo ya kiyo."

Halafu akaniuliza tunataka nini hasa: giza, au kukinga jua? Nikamwambia ni kwa ajili ya mtoto. Akaniambia jambo ambalo sikulijua, na wengi hawalijui: weusi wa karatasi si ndio unaozuia ile mionzi mibaya. Dawa ya kuizuia imewekwa ndani ya plastiki yenyewe na ndani ya gundi. Kuna karatasi karibu nyeupe, inayopitisha mwanga wa 70 kwa mia, na bado inazuia ile mionzi kufika 99 kwa mia. Na kuna nyeusi ya bei ndogo ambayo rangi yake inageuka zambarau baada ya jua la miaka michache, na hauwezi kujua bado inakinga kiasi gani. Soma maandiko ya boksi, usiangalie rangi tu.

Nikasema: "Lakini ile nyeupe, watu watamwona."

Binti yetu alikuwa amekaa mlangoni, kofia kichwani, anasugua sufuria. Tulifikiri hasikii. Akasema: "Papa, juu ya nini bantu basinione?"

Mimi ni mtu wa kuhubiri. Nimesoma miaka minne shule ya Biblia. Siku ile nilitafuta neno, nikalikosa. Tukachukua ile nyeupe.

Kazi tuliifanya Siku ya Posho iliyofuata, katika parseli yetu, na nitaieleza kwa urefu kidogo, sababu ni kazi nzuri na vijana wanaweza kuishi kwayo.

Kwanza ni vumbi. Katika miji yetu ya madini, kamyo moja ikipita, hewa yote inakuwa nyekundu. Kijana alimwaga maji chini kuzunguka motokari yote, akafunga lango, akaosha kioo mara tatu nje, mara tatu ndani. Chembe moja ikibaki chini ya karatasi itasimama pale kama kipele, na hautaiondoa tena. Ndani hakutumia wembe juu ya zile nyuzi zilizobaki. Alitumia kitambaa na sabuni tu, akipitisha kwa kufuata njia ya nyuzi, bila kuzikata kati.

Pili, na hapa ndipo akili ilipo: karatasi itakaa ndani ya kioo, lakini umbo lake inalipata nje. Karatasi ile ina ngozi mbili, yaani karatasi yenyewe yenye gundi, na ngozi nyembamba inayofunika gundi. Anailaza nje juu ya kioo kilicholowa maji ya sabuni, upande wa ngozi ile ya kufunika ukimwangalia yeye. Anaikata ikizidi kioo kidogo kila upande. Tena anaikunjua toka kushoto kwenda kuume, si toka juu kwenda chini. Nilimwuliza sababu. Karatasi hii, akasema, inajivuta kwa moto katika njia moja zaidi: kwa urefu ule ilivyokunjuliwa toka kwa roli. Ukiilaza kinyume, utachoma mpaka usiku, mikunjo haitaisha.

Halafu akaishika kwa maji na kipande cha plastiki kigumu: mstari mmoja katikati toka kushoto mpaka kuume, na mmoja kila upande, kama herufi H. Pale ilishika. Na yote iliyozidi ikakimbilia juu na chini, ikasimama mikunjo mirefu kama vidole. Wenye kazi hii wanaiita vidole kweli. Mimi niliona mikunjo ileile niliyoikata, nikasikia mkono wangu unatafuta wembe.

Yeye alichukua kidole kimoja kikubwa, akakigawanya kwa mkono kuwa vidogo vinne. "Kikubwa hakikubali," akasema. "Vidogo binakubali." Akawasha ile mashine ya kupuliza hewa ya moto. Hakuisimamisha mahali pamoja hata kidogo. Ilikuwa inaenda na kurudi, kama mtu anapiga pasi kitambaa cha hariri. Karatasi ikaanza kujikaza, kidole kikapungua, kikawa kama mstari, na mara akapitisha plastiki yake, kikalala. Hakuna kilichokatwa, na hakuna kilichozidi. Nilikuwa nimesimama pale na mdomo wazi. Nikakumbuka Yeremia katika nyumba ya mfinyanzi, sura ya 18, namna chombo kilichoharibika mkononi hakikutupwa.

Ukikaza moto mahali pamoja, karatasi inaungua, inakuwa na makunyanzi ambayo hayatoki tena. Mbaya zaidi, kioo chenyewe kinaweza kupasuka, na kioo cha nyuma kikipasuka kinavunjika chote vipande vidogo vidogo. Kwa hiyo usijaribu na makala wala na pasi. Wengine wanatumia ile mashine ya kukaushia nywele ya saluni. Kwa kioo kilichopindika kidogo inaweza, kwa kile cha kwetu moto wake ungekuwa mdogo.

Vilikuwa vimebaki vidole vitatu, upande wa chini kushoto, umeme ukakatika.

Ninyi wote mnajua maisha hayo. Tulingoja. Saa moja ikapita. Nikamwambia kijana: "Vitatu tu. Tukate, nani ataona?" Akaniangalia, akasema: "Jua itaona." Tukaendelea kukaa chini ya kivuli cha ukuta. Bibi yangu akaleta karanga. Katika kukaa kule nikamwambia habari ya muuzaji niliyemkemea. Kijana alitafuna karanga zake kitambo, halafu akasema, bila kuinua macho, kwamba karatasi ile ya kwanza haikuwa mbaya. Aliwahi kuibandika kwa watu wengi. Ni nyeusi tu, na ni kinyume cha amri, lakini kama karatasi, ilikuwa nzuri.

Basi. Hakuna mahubiri niliyopata kuyasikia yaliyonifika kama zile karanga.

Umeme ulirudi karibu na saa kumi. Aliniachia kidole cha mwisho nifanye mwenyewe. Nilifanya. Nilikaza moto kidogo kupita kiasi.

Kisha alikata pembeni kwa kufuata ukingo wa kioo, akaiviringisha karatasi, na sasa ndiyo ikaingia ndani. Kazi hii inataka watu wawili. Mmoja anavua ile ngozi ya kufunika, mwingine anapuliza maji ya sabuni juu ya gundi bila kuchoka, sababu gundi kavu ikijishika yenyewe, imekwisha. Binti yetu ndiye aliyepuliza maji. Aliingia ndani ya motokari, magoti juu ya kiti, kopo la kupulizia mkononi, akisimamiwa na mwimba korali. Karatasi ikateleza mahali pake, na kwa kuwa umbo ilikuwa imelipata nje, ikalala kama imezaliwa pale. Wakasukuma maji toka katikati kwenda pembeni, pole pole, mpaka yakaisha.

Usiogope ukiona siku za kwanza kioo kimekuwa kama maziwa, au vifuko vidogo vya maji. Vinakauka vyenyewe, wakati wa baridi ni siku nyingi, wakati wa jua ni chache. Usivichokoe kwa kucha. Usiwashe nyuzi za kukausha ukungu mpaka imekauka kabisa. Usioshe kwa dawa ya kioo yenye amonia, itaharibu karatasi. Maji na sabuni vinatosha. Na karatasi haiondoi kofia wala mafuta. Daktari alitukaza sana juu ya jambo hilo.

Siku ya kazi iliyofuata nilienda sokoni. Nilingoja wateja wawe wengi kama siku ile ya kwanza, sababu niliona kwamba kuomba musamaha pembeni, peke yetu, ni kukata kwa wembe tena. Nilimwambia muuzaji kwamba kosa lilikuwa la mkono wangu. Watu walisikia. Alicheka, akasema: "Pasta, mi nilijua." Karatasi zile nyeusi za vioo vya pembeni nazo tulizitoa, mara hii kwa moto na kwa kuvuta pole pole, tukaweka nyeupe. Na Siku ya Mungu niliyofuata zamu ya kuhubiri nyumbani, nilisimama pamoja na bibi yangu mbele ya kanisa, nikaeleza mtoto albino anapatikana namna gani, nafasi moja kwa nne, kwa baba na kwa mama. Ningepaswa kufanya vile miaka tisa mbele. Mama mmoja mzee alitoka nje katikati ya maneno yangu. Wengine walibaki.

Kidole changu, kile cha mwisho, bado kipo katika pembe ya chini kushoto, mkunjo mdogo kama ukucha. Binti yetu aliuliza kama kitatoka. Nikamwambia hapana, kile ni cha papa.

Safari iliyofuata tulipita kizuizi kilekile. Polisi aliinama, akaona ndani bila kugonga, akatuachilia. Nyuma yetu ilikuwa kamyo kubwa ya madini, karibu sana, kama kawaida yao. Katika kioo changu kidogo nikaona binti yetu amegeuza kichwa, kofia yake imeanguka kidogo upande, anampungia mkono shofere. Nikataka kumwambia ageuke. Sikusema. Shofere akapiga honi mara mbili.